Maji ya Kilio

Katika ofisi ile ya Kalundu, kando ya ziwa pale Uvira, hakuna aliyempenda Apollinarie, naye hakuwahi kuomba apendwe. Alifika asubuhi kabla ya wengine, akaruka mifuko ya mchanga iliyopangwa mlangoni tangu ziwa lilipoanza kupanda na kuumeza ua, akafungua kompyuta yake na kumpa mgongo kila aliyeingia. Salamu aliitikia kwa kichwa. Aliyemuuliza swali la kijinga alielezwa kwamba swali lake ni la kijinga. Wahasibu walimwita Pilipili, na alipolisikia jina hilo hakukasirika. Alisema tu kwamba pilipili angalau ina kazi.

Alikuwa binti aliyezaliwa Lemera, milimani, kwenye njia za miguu ambazo mvua huzifuta na watu huzikanyaga upya bila kuulizana. Alipokwenda Bujumbura kusoma infomatiki, wenzake walimcheka kwa lafudhi yake na viatu vyake, naye akajifunza kujibu kabla hajachekwa. Alirudi Uvira na diploma, na ulimi uliokwisha kunolewa pande zote mbili, na imani moja ambayo hakuieleza kwa mtu: kwamba mashine inayokataa kazi ni bora kuliko mashine inayokubali kudanganya. Kuhusu binadamu aliamini vivyo hivyo.

Mkuu wa mradi aliitwa Rénovat. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi hata siku zisizo na umeme, na alijua kucheka na wageni. Alimchukia Apollinarie kwa utulivu, jinsi mtu anavyochukia jiwe ndani ya kiatu mbele za watu.

Mradi wenyewe ulikuwa wa maji. Katika bonde la Ruzizi, upande wa Katogota, kulikuwa na mfereji wa mpunga wenye matawi matatu, na wakulima walikuwa wakigombea zamu hadi kutoana damu kwa majembe. Wafadhili wakataka programu: simu ipange zamu, simu imwambie mlinzi wa lango leo ni nani afunguliwe, na ugomvi uishe. Apollinarie ndiye aliyepewa kuiandika. Kabla ya kuandika lolote alipanda pikipiki, akatembea kandokando ya mfereji wote, tope likimfika magotini, akiuliza maswali kwa sauti ya mtu anayedai deni.

Aligundua kwamba kila tawi lina desturi yake. Tawi la juu waligawana kwa saa. Tawi la kati walichomeka kijiti shambani, na maji yakifika kwenye alama, zamu imekwisha. Na tawi la chini walikuwa na kitu walichokiita maji ya kilio. Nyumba iliyofiwa haishiki jembe wala haigusi lango mpaka kilio kiondolewe. Lakini zamu yao haipotei. Jirani aliye karibu nao kwenye mfereji huja kufungua kwa niaba yao, anasimama shambani kwao mpaka udongo ushibe, ndipo anarudi kwenye shamba lake. Hakuna aliyelazimishwa na mtu. Jirani asiyefungua angeonwa na wote, na kwenye bonde lililo bapa hivyo hakuna pa kujificha.

"Kanuni tatu?" Rénovat alisema aliposikia. "Muko banani nyinyi? Mufereji moja, kanuni moja. Saa. Bantu bajifunze disipilini."

"Bantu bako na disipilini yao, chefu. Weye njo hauijui."

"Wafadhili banataka kitu chepesi."

"Basi bapelekee ndizi."

Aliandika kanuni tatu. Alichofanya kinaeleweka hata kwa asiyewahi kugusa kompyuta. Kila kanuni aliiandika peke yake, kama sanduku lililofungwa, na masanduku yote yakawa na mlango wa umbo moja: unaingiza jina la nyumba na siku, inatoka zamu. Wenye taaluma huita njia hiyo mkakati. Sehemu ya programu inayopanga zamu haikujua ndani ya sanduku mna nini, wala haikwenda kujitafutia sanduku. Hiyo ilikuwa kazi ya kiunzi, programu ya chini iliyozibeba sehemu zote. Kiunzi kilifanya kama mwenye nyumba siku ya arusi anavyowagawia majirani waliokuja kusaidia: wewe shika sufuria hii, wewe kisu hiki, wala hakuna anayeingia stoo kujichagulia. Kiunzi kilikusanya kanuni zote tatu, kila moja na jina la tawi lake, kikaikabidhi sehemu ya kupanga. Likija jina la tawi la chini, inachukua kanuni ya tawi la chini. Tawi jipya likichimbwa, mtu ataandika sanduku jipya, na yale ya zamani hayataguswa.

Ilikuwa kazi safi. Apollinarie aliitazama siku ile ilipoamka kwa mara ya kwanza, akatabasamu. Wahasibu walishtuka.

Kisha Rénovat naye akataka kuweka mkono wake. Aliandika mwenyewe sehemu ya kufuta zamu: nyumba ambayo haijafika langoni, maji yapewe anayefuata, na nyumba hiyo iondolewe kwenye mpango mpaka ijiandikishe tena. Katika sehemu hiyo aliandika kwamba inahitaji kanuni. Hakusema ya tawi gani. Kiunzi kilipoamka kikaona kinaombwa kanuni moja na mkononi kina tatu, kikakataa kuendelea. Kiliandika kwenye kioo kwamba kimetafuta moja na kimekuta tatu, kikazima kila kitu. Ilitokea mbele ya wageni waliotoka Bukavu, wakiwa bado na soda mkononi.

Rénovat alicheka na wageni. Wageni walipoondoka hakucheka tena. Alifungua faili la Apollinarie bila kumwambia, akabandika lebo juu ya kanuni ya saa, lebo inayokiambia kiunzi: hii ndiyo ya kwanza, mtu asipotaja jina, mpe hii. Kiunzi kikatii. Kikaamka bila neno.

Apollinarie aliiona lebo ile baada ya siku chache. Aliingia ofisini kwa Rénovat bila kubisha.

"Umefunga programu mudomo," alisema.

"Nimeitengeneza. Ilikuwa imeharibika, sasa inatembea."

"Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inakuuliza: kanuni gani? Weye, badala ya kujibu, umeiambia isiulize tena. Sasa sehemu yako inafuta zamu za tawi zote kwa kanuni ya saa. Tawi la chini muntu akifiwa, itamufuta."

"Sehemu yangu haiguswe mpaka wafadhili bapite. Ni minye naiidhinisha, na siidhinishe kitu."

"Na muntu akifiwa?"

Rénovat alinyanyua macho. "Nani amekufa, Apollinarie? Akikufa muntu, utaniambia."

Apollinarie akatoka. Walikuwa wakichukiana tangu zamani, lakini siku ile chuki ilipata kiti chake mwenyewe ofisini, ikakaa kati yao. Walipitishana karatasi kwa mkono wa mtu wa tatu. Ziwa liliendelea kupanda nje, likilamba mifuko ya mchanga.

Mume wa Domitille alifariki mpunga ulipoanza kuchanua. Huo ndio wakati ambao mpunga hausamehe. Ukikosa maji ukiwa umechanua, suke linasimama wima kama kawaida, kijani, zuri kwa macho, na ukilikamua ndani hamna punje, ni mapepe matupu. Shamba la Domitille lilikuwa mwisho wa tawi la chini, na ndilo peke yake alilokuwa nalo.

Aliyepiga simu Uvira alikuwa Étienne, mlinzi wa lango, mzee aliyelinda lango hilo tangu lilipokuwa la miti.

"Mademazeli, simu yako imefanya mambo ya aibu."

"Si simu yangu. Sema."

"Siku ya maziko ilikuwa zamu ya Mama Domitille. Simu ikaniuliza, amefika? Minye nikaandika hapana, kwa sababu ni kweli, alikuwa kwa kaburi. Nikajua jirani atakuja kumufungulia. Mara simu ikaniambia nyumba ile imefutwa. Na hata zamu yake yenye inafuata, ya kesho, amepewa Vainqueur. Vainqueur njo jirani mwenyewe!"

"Na Vainqueur anasema nini?"

"Anasema mashini imesema."

Apollinarie alikwenda kwa Rénovat. Alisimama mlangoni. "Uliniambia muntu akikufa nikuambie. Amekufa."

Alimweleza. Kilichohitajika kilikuwa kidogo: sehemu ya kufuta itaje jina la tawi, kama sehemu ya kupanga inavyotaja. Rénovat alisikiliza akipanga kalamu zake. Wafadhili walikuwa wanakuja wiki hiyo hiyo, alisema, na hawezi kufungua programu inayofanya kazi kwa sababu ya shamba moja. Yule mama ajiandikishe upya kilio kikiisha.

"Kilio kikiisha mupunga wake utakuwa nyasi."

"Basi tutamupatia mbegu. Toka, nafanya kazi."

Apollinarie alipakia kompyuta mgongoni, akachukua pikipiki mpaka bondeni. Njia nzima hakusema na mwendeshaji. Walipopita Luvungi, kijana huyo alijaribu kumuuliza anakwenda kwa nani. Akaambiwa aangalie barabara.

Hakwenda kwanza kwenye kilio. Alikwenda kwa Vainqueur, akamkuta shambani akisafisha mkondo wake kwa jembe, tayari kwa maji ya kesho. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye shingo fupi, na hakuacha kuchimba.

"Kesho umufungulie Domitille," Apollinarie alisema. "Ni kilio. Unajua."

"Weye njo ulituletea hii kitu." Alitoa simu mfukoni, akaielekeza usoni pake. "Soma. Iko jina ya nani?"

"Naijua. Ni kosa."

"Siku ilikuja mulituambia haikosaki! Mulituketisha kwa kanisa, mukatupatia biskuti, mukasema sasa hakuna muntu atakula maji ya mwingine, mashini haina ndugu, haina jamaa. Leo imenipatia minye, njo imekosa?"

"Unajua desturi kunishinda."

"Naijua." Sasa aliacha kuchimba. "Mutoto wangu alipokufa, marehemu huyu ndiye alipaswa kunifungulia. Alikuja jua likiwa juu. Upande moja ya shamba ikakauka, minye nimeketi kwa mukeka, naangalia, siwezi kushika jembe. Haiko muntu alimusema. Miaka yote nimenyamaza."

"Lakini alifungua."

"Alichelewa!"

"Alifungua," Apollinarie alirudia. "Weye unataka usifungue kabisa, na useme ni simu."

Vainqueur alitema mate karibu na viatu vyake, akarudi kuchimba.

Hapo ndipo Apollinarie alipoelewa alichokuwa ameleta bondeni. Haya ilikuwa imemshika mtu huyu miaka yote, ikamfanya afungue maji kwa kila kilio huku moyo wake ukiwaka. Haikuhitaji polisi wala chifu. Kisha ukaja ujumbe wa maneno machache, na haya ikapata mahali pa kutua mzigo. Mashine haikumfundisha Vainqueur ubaya. Ilimpa ruhusa tu.

Kwenye ua wa Domitille wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Apollinarie alivua viatu, akaenda kumshika mjane mkono. Domitille, uso umevimba, aliuacha mkono wake ulegee ndani ya ule mwingine.

"Ni weye wa simu?"

"Ni minye, mama."

"Umekuja kuona?"

"Pole, mama. Kesho maji itafika."

"Usiniahidi kitu," Domitille alisema. "Muliahidi tayari."

Mwanamke mmoja pembeni akasema kwa sauti, kwa makusudi, kwamba siku hizi hata mchawi anabeba ordinateri, macho yake yakiwa kwenye kompyuta ile mgongoni. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemkemea. Apollinarie alikaa mpaka adabu ilipotimia, akaenda kuomba mahali pa kulala kwa Étienne.

Kulipopambazuka alikuwa ameketi juu ya tuta karibu na lango, kompyuta mapajani, simu yake ikimpa mtandao mwembamba uliotoka ng'ambo ya Ruzizi. Sehemu ya Rénovat hakuweza kuigusa. Ilihitaji idhini yake. Lakini lebo ilikuwa kwenye faili la Apollinarie mwenyewe. Aliitazama. Angeweza kuihamisha, aibandike juu ya kanuni ya kilio, na Domitille angepata maji mara moja. Lakini kule juu, mtu aliyelala tu akakosa zamu angehesabiwa kama mfiwa, na maji ya saa yake yangemsubiri huku mashamba mengine yakikauka. Ungekuwa uongo uleule, umegeuzwa upande wa pili. Zaidi ya kumchukia Rénovat, alichukia kazi mbaya.

Aliitoa lebo, akaituma.

Huko Uvira seva ilijijenga upya. Kiunzi kiliamka, kikagawa vifaa kimoja kimoja, kikafika kwenye sehemu ya kufuta inayoomba kanuni bila kutaja jina. Kikatafuta moja, kikakuta tatu. Kikakataa. Programu nzima ikazimika, matawi yote matatu, na mahali ambapo ujumbe wa asubuhi ungetoka pakawa kimya.

Étienne alisimama langoni na simu yake ya mradi mkononi, akisubiri. Wanawake waendao kupalilia walikuwa wameanza kufika, wakasimama, kwa sababu walijua kinachogombewa. Vainqueur alikuja na jembe begani.

"Fungua," alimwambia Étienne. "Ni zamu yangu."

"Simu yangu haijasema."

"Yangu ilisema jana!"

"Papa Vainqueur, yenye iko kwa simu yako haiko kwa simu yangu. Minye naamuriwa na hii." Aliinua kifaa chake kila mtu akione. "Iko kimya kama kaburi."

Vainqueur alimgeukia Apollinarie. "Umefanya nini?"

"Nimeacha ikatae."

"Ninakuuliza umefanya nini, weye mwanamuke!"

"Haijui leo ni zamu ya nani," Apollinarie alisema bila kusimama. "Haikujua hata jana, ilikuwa inajifanya. Waulize hawa. Hawa wanajua."

Étienne aliwageukia watu. Alikuwa amelinda lango lile kwa umri wake mwingi, na sauti yake ilijua umbali wa mashamba. "Leo ni zamu ya nani?"

Upepo kutoka milimani ulipita juu ya mpunga. Kisha mwanamke yuleyule aliyesema habari za mchawi akajibu, akimtazama Vainqueur usoni. "Ya Domitille. Iko kwa kilio."

Hakuna aliyesema jirani ni nani. Walisimama tu, na mabeseni yao, na majembe yao, wakimtazama mtu mmoja mwenye shingo fupi ambaye mkononi alikuwa na simu isiyomsaidia tena. Taya zake zilifanya kazi kama mtu anayetafuna mfupa. Aliangalia upande wa ua wa marehemu, ambako moshi wa kilio ulikuwa unapanda.

"Nitachelewa kama yeye alivyochelewa," alisema mwishowe.

"Jua halijatoka," Étienne akamjibu. "Bado hujachelewa."

Vainqueur alitukana. Alimtukana Apollinarie, na mama yake, na mlima aliotoka, na ofisi iliyomtuma, maneno ambayo wanawake waliyasikia huku wakitazama pembeni. Akiwa bado anatukana alishuka kwenye mfereji, akainua ubao wa lango kwa nguvu hata ukapasuka ukingoni, akaupiga udongo mkondo wake kuuziba, akaufungua ule wa Domitille. Maji yakaingia. Alikwenda kusimama katikati ya shamba la adui yake, mguu ndani ya maji, akilinda, kama inavyotakiwa.

Simu ya Apollinarie ililia. Hakuhitaji kuangalia jina.

"Umeua programu!" Rénovat alipiga kelele. "Wafadhili bako njiani! Tawi zote zimezimika!"

"Haikufa. Imekuuliza tena lile swali. Sasa lijibu."

"Weye hauko na kazi tena. Unanisikia? Hata kiti chako nitakitupa mu ziwa!"

"Ziwa lilikuwa linakuja kukichukua. Andika jina la tawi kwenye sehemu yako, chefu. Ni neno moja."

Akakata. Rénovat aliliandika neno lile mchana uleule, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kuiamsha programu mbele ya wageni. Aliliandika kwa jina lake, na katika ripoti lilitajwa kama uboreshaji. Tangu siku hiyo tawi la chini halikufutiwa zamu ya mfiwa hata mmoja.

Apollinarie alipita ua wa kilio kwa sababu barabara ilikuwa upande huo. Domitille alikuwa ametoka mpaka ukingo wa mkeka, mahali ambapo mfiwa anaruhusiwa kufika, na kutoka hapo aliweza kuona shamba lake liking'aa na Vainqueur amesimama ndani yake kama kisiki.

"Yamefika," Apollinarie alisema.

"Naona." Mjane hakumgeukia. "Zamani yalikuwa yanafika bila weye."

Apollinarie aliweka kompyuta sawasawa mgongoni, akaendelea kutembea juu ya tuta, na kwenye mkondo kando yake maji yalimpita, yakitangulia kwenda mwisho wa shamba.